"SOMA MAELEKEZO", halafu linki inadai ruhusa! Huyu jamaa wa plagini ya malipo atatuua

Wakuu, simtaji, mnamjua. Leo tena mtu kauliza kistaarabu kwenye kundi la WhatsApp kwa nini oda hazisogei. Kajibiwa maneno mawili: "Soma maelekezo." Na linki. Ukiigusa linki: omba ruhusa! Plagini, kile kiongezo cha kupokelea malipo kwenye duka la mtandaoni, inapakuliwa na yeyote, ila maelekezo kayafungia kwenye akaunti yake kama hati ya kiwanja cha Mbweni. Foleni ya Ubungo itaisha kabla hajakubali ombi.

Na ukikubaliwa, unakuta maelekezo ya toleo la 1! Toleo la 2 alibadili jina la anwani inayopokea jibu la malipo, maelekezo bado yanakupa jina la zamani baada ya /wc-api/ kwenye anwani. WooCommerce, programu inayoendesha duka ndani ya WordPress, isipolitambua jina inajibu 400 (ombi baya) na "-1", imeisha hiyo. Mteja hela imekatwa, oda inabaki inasubiri malipo. Duka linalohesabu stoku, kama dakika 60 za kawaida hazijaguswa, muda ukiisha oda inaghairiwa. Mwenye duka Kariakoo anaitwa tapeli kwa sentensi moja ambayo haikubadilishwa. Soma maelekezo! Yapi?

Weka maelekezo repo (ghala la Git) moja na msimbo, folda ya docs. Jina likibadilika, sentensi inabadilika kwenye commit hiyohiyo, yaani badiliko lilelile linalohifadhiwa. Mkaguzi akiona docs haijaguswa, anairudisha kazi. Ukipiga tagi (alama ya toleo) v2.0, maelekezo yake yanaganda nayo, na aliyebaki v1 anafungua tagi yake. Picha ziwe humohumo, na njia yake ihesabiwe kutoka faili lilipo. Ukiweka anwani kamili ya tawi kuu, lenye msimbo wa karibuni, mtu wa v1 anaonyeshwa vitufe ambavyo hana. Zip ya kupakua plagini itakuwa nzito? Andika "docs export-ignore" kwenye faili la .gitattributes, git archive, amri ya kutengeneza zip, itaiacha nje. Mstari mmoja! Yeye anatuma watu wakaombe ruhusa. RUHUSA!

mzee_wa_seva: Mleta uzi kunywa maji. Muda wa kuandika gazeti hili ungeshaomba ruhusa mara kumi.

Mleta uzi: Niombe ruhusa ya kusoma jinsi ya kuwasha plagini? Mkuu, unajisikia?

binti_tandika: Afadhali nyie mna linki. Sisi wetu maelekezo ni voice note, dakika saba, nyuma muadhini na bodaboda. Utatafutaje neno humo?

kichwa_ngumu: Hizo zote ndogo. Kuna anayesahau kubadili "Stable tag", mstari unaotaja toleo la kugawa, kwenye readme.txt ya trunk (folda kuu ya plagini huko WordPress.org). Kapandisha toleo jipya, WordPress.org inaendelea kugawa la zamani, yeye anatukana watu hawasasishi.

mzee_wa_seva: Huyo namjua! Namba ya toleo kwenye wp_enqueue_script, amri ya kupakia faili la JavaScript, nayo haibadilishi. Vivinjari vinabaki na JavaScript ya zamani, halafu anawaambia wateja wafute kashe.

Mleta uzi: Turudi kwenye linki jamani.

binti_tandika: Na wanaohariri msimbo ndani ya folda ya plagini je? Sasisho likija linafagia yote.

kichwa_ngumu: Dada, hao waanzishiwe uzi wao. Wa kwetu kafanya hivyo kwenye duka la mteja, bila chelezo.

binti_tandika: Bila chelezo?! Anzisha sasa hivi, nakuja.