Uliwahi kumwona kipepeo akionja kwa miguu? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari zenu. Wengi tunawapenda vipepeo kwa rangi zao, lakini mimi kinachonivutia zaidi ni namna wanavyoonja. Kipepeo hana ulimi. Miguuni ana vinyweleo vidogo mno vyenye kitundu nchani, na kemikali ikiingia humo anajua ladha ya kitu alichokikanyaga.

Nianze na yangu. Nilimkuta mmoja ametua dirishani, hoi. Nikalowesha pamba kwa maji ya sukari, nikaisogeza taratibu mpaka ikamgusa mguu. Papo hapo ule mrija wa kunyonyea uliojiviringa chini ya kichwa ukanyooka, ukaanza kupapasa pamba. Kabla ya hapo kinywa kilikuwa hakijagusa kitu! Mwaka 1921 mtafiti Mmarekani Dwight Minnich alithibitisha kwa majaribio kwamba miguu ndiyo inayotoa taarifa hiyo. Karibuni mlete yenu.

Mpanda Milimau: Mkuu umenigusa. Kwenye mlimau wangu huwa anakuja jike. Anatua juu ya jani, anapigapiga kwa miguu ya mbele harakaharaka, anaruka, anajaribu la pili. Akitua kwenye mmea mwingine wa jirani anapiga kidogo tu na kuondoka. Akilipata jani changa la mlimau, anapinda tumbo na kubandika yai moja la mviringo.

Mleta uzi: Asante sana. Kule kupiga kunatoa majimaji ya jani ili ayaonje. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walipata kwenye miguu ya spishi moja ya kipepeo anayetaga kwenye michungwa kipokezi kinachotambua sinefrini, kemikali iliyomo katika majani hayo. Ni suala la uhai hasa: kiwavi akianguliwa kwenye mmea asioula, mara nyingi hafiki mbali, anakufa njaa.

Mama Bustani: Nathibitisha. Viwavi wa kipepeo mweupe wa kabichi niliwawekea majani ya saladi. Walitembea juu yake, wakagusagusa kwa vinywa, wakayaacha. Nilipoweka majani ya figili wakatafuna mpaka zikabaki fito.

Mleta uzi: Wanafuata kemikali zinazoipa haradali ukali wake, na kabichi na figili zinazo. Mwaka 1910 mtafiti Verschaffelt alipaka maji ya mmea wa jamii hiyo kwenye majani wasiyoyala, wakayala. Kinachowafukuza wadudu wengine, kwao ndicho kinachowaita.

Mpiga Picha: Mimi niliwakuta wengi kwenye tope kando ya kijito, wamefunga mabawa, wananyonya. Mmoja akahamia mkononi mwangu uliokuwa na jasho, akaupitisha mrija kwenye vidole muda mrefu. Maua yalikuwepo tele pembeni, hawakuyajali.

Mleta uzi: Walikuwa wanatafuta chumvi, na mara nyingi huwa ni madume. Mbochi, yaani maji matamu ya maua, ina sukari nyingi lakini sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, ni kidogo. Katika spishi kadhaa dume humpa jike sodiamu hiyo wakati wa kujamiiana, na sehemu yake huishia kwenye mayai.

Mpanda Milimau: Na wale wa rangi ya chungwa ambao ndege huwaacha?

Mleta uzi: Kama ni wale wanaoitwa monaki, kiwavi wake hula mmea wenye utomvu mweupe wa sumu, akaihifadhi mwilini mpaka anapokuwa kipepeo. Ndege akimla mara nyingi hutapika, na baada ya hapo huwakwepa. Aliyewahi kuona ndege akimtema kipepeo atusimulie, hasa kama aliyetemwa aliruka akaenda zake.