Kila mwezi nalipa hela ya majitaka, na majitaka yenyewe yanaingia baharini mabichi!

Wakuu, salama? Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa mafuriko. Hii ni kero nyingine kabisa na haina uhusiano na mvua.

Wiki ya 5 leo chemba ya mbele ya geti langu hapa Mikocheni inafurika. Mfuniko umeinuka upande mmoja kama wa sufuria ya maharage iliyosahaulika jikoni, na chini yake yanatoka maji ya kijivu yenye povu, usiku na mchana, taratibu tu, kama yamepanga hapo na kodi yameshalipa. Watoto wa shule wanaruka. Bodaboda wakifika hapo wananyanyua miguu. Mama ntilie wa kona kahamisha meza yake upande wa pili wa barabara na wateja nusu wamempotea.

Katikati ya hayo yote bili ya mamlaka ya maji imekuja. Ina mistari miwili: majisafi, majitaka. Huo wa majitaka unasoma 11,400. Nimelipa, kwa sababu nisipolipa wanakata majisafi. Kukata majitaka hawajui, hata mimi ningewaomba wayakate.

Nimeenda ofisini kwao mara 3. Mara ya kwanza dada wa kaunta kanipa namba ya taarifa. Mara ya pili kaniambia, "Kaka, taarifa yako tunayo." Mara ya tatu akaniambia vilevile, ila safari hii bila kuniangalia usoni. Hatimaye wakaja mafundi wawili, wakaingiza fito zao ndani ya chemba, wakazizungusha wee, wakazitoa. Mmoja akajifuta mikono kwenye ukuta wangu (sijasema kitu, nimemeza) akaniambia: "Bro, bomba lako halina shida. Pampu ya kule mbele ndiyo imekufa. Kipuri kimeombwa, fungu halijatoka."

Fungu halijatoka! Hizo 11,400 za mimi na jirani zangu, mwezi baada ya mwezi, ni fungu la nini?

Jumamosi hasira ikanituma niyafuate maji yangu nione yanakoishia. Kutoka chemba yanaingia mfereji wa mvua, mfereji unapita nyuma ya fensi za watu, unaungana na kijito, kijito kinatoka ufukweni upande wa Msasani. Nimetembea kama dakika 40. Bahari ilikuwa imekupwa, bamvua, miamba iko wazi. Na miamba yote ya karibu na mdomo wa kijito ni ya kijani, imefunikwa na mwani laini unaoteleza kama sabuni. Ukisogea mita mia mbili tatu kutoka hapo, unapungua.

Alikuwepo mzee anashona nyavu. Nikamwamkia, nikamuuliza ule mwani ni wa msimu? Akacheka. "Mwanangu, huu hauna msimu. Huu mnaupalilia nyie huko juu. Hapa tulikuwa tunachokoa pweza, sasa hata shimo la pweza hulioni."

Nyie huko juu. Ameniweka na mimi humo, na hajakosea.

Sasa wakuu, watu wakisikia majitaka baharini wanawaza kipindupindu na harufu tu. Hayo yapo. Lakini huo ujani kwenye miamba hauletwi na vijidudu, unaletwa na nitrojeni, kitu kilekile mkulima anachonunua kwenye mfuko wa urea. Sehemu kubwa inatoka kwenye mkojo wetu. Tuseme kila mtu anatoa kilo 3 za nitrojeni kwa mwaka, makadirio tu. Sensa ya 2022 ilitukuta watu 5,383,728 mkoani Dar. Zidisha: kilo milioni 16 na ushee. Mfuko wa urea wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23. Kwa hiyo huu mji unatoa sawa na mifuko laki 7 ya urea kila mwaka. Haifiki yote baharini, nyingine inabaki kwenye mashimo ya vyoo na ardhini. Lakini hata ikifika robo tu, hakuna shamba Mbeya linalotiwa mbolea namna hiyo.

Mwani ukishiba unafunika matumbawe na nyasi za baharini, unazuia mwanga. Ukifa unaoza, na vijidudu vinavyouozesha vinamaliza oksijeni ya kwenye maji. Samaki anahama au anakufa. Hapo ng'ambo kuna visiwa vya Mbudya na Bongoyo, ni hifadhi tangu 1975, tunalipa kiingilio kwenda kuogelea. Sheria inamzuia mvuvi. Kijito changu nani anakizuia?

Na msidhani ni Mikocheni peke yake. Bomba la katikati ya mji ni la enzi za mkoloni na lilijengwa kupeleka uchafu moja kwa moja baharini upande wa Ocean Road. Mabwawa ya majitaka ya Vingunguti yakishajaa yanatema mto Msimbazi, na Msimbazi unatokea baharini pale Salenda. Daraja la Tanzanite tunapigia picha za harusi juu ya maji hayohayo. Bibi harusi anatabasamu huku amebana pumzi. Halafu wengi wetu hatuna bomba kabisa, tuna mashimo. Mvua ikishuka usiku mtu anatapisha choo chake kimyakimya, uchafu uondoke na maji ya mvua, asubuhi mtaa mzima unanuka na kila mtu anamwangalia jirani. Asiyetapisha anaita vyura, wale vijana wa kuzoa vyoo kwa mikono, wamchimbie shimo la pembeni. Simlaumu sana, gari la kunyonya ni hela na kwenye vichochoro vya Tandale halipiti.

Kinachoniudhi zaidi ya chemba ni hiki. Mtambo wa majisafi wa Ruvu Juu unaweza kuzalisha lita milioni 196 kwa siku, wa Ruvu Chini lita milioni 270. Tulikata utepe, ngoma zikapigwa, hongera kwa kweli. Lakini maji yakishaingia mjini lazima yatoke, na wahandisi huwa wanahesabu kwamba karibu asilimia 80 yanatoka yakiwa machafu. Mradi wa kuyaleta ulikuwa na mkopo, bajeti na mgeni rasmi. Wa kuyaondoa mara nyingi unaitwa "awamu ijayo". Hakuna kiongozi anayetaka kupigwa picha pembeni ya bwawa la mavi, tuseme ukweli.

Na hata tukijengewa mtambo, niulize mapema: wa aina gani? Kutuamisha uchafu na kutia klorini hakuondoi nitrojeni ya maana, maji yanatoka meupe na mbolea karibu yote imo. Kuitoa kunataka bakteria wa aina mbili kwa zamu. Wa kwanza wanapuliziwa hewa wageuze amonia, yaani nitrojeni ya kwenye majitaka, kuwa naitreti, wa pili wananyimwa hewa waigeuze naitreti kuwa gesi irudi angani. Kupuliza hewa mchana na usiku ni umeme, na umeme ni bili. Ukijenga kwa mkopo bila kutenga hela ya kuuendesha, miaka michache tu utasikia lugha ileile: kipuri kimeombwa, fungu halijatoka.

Kuna sehemu inaitwa Suffolk, jimbo la New York, Marekani. Nao wanaishi kwa makaro, nyumba zaidi ya laki 3, na nitrojeni imewaharibia ghuba zao. Novemba 2024 walipiga kura, wananchi wenyewe, wakakubali kuongeza kodi ya mauzo kwa asilimia 0.125, fungu lake ni la kuboresha mifumo ya majitaka. Kwa hela yetu hiyo ni shilingi 125 kwenye kila manunuzi ya laki. Haitoshi hata kitumbua. Najua mtaniambia Marekani siyo Bongo. Sawa. Lakini sisi tunaolipa 11,400 tayari tunatoa zaidi ya hiyo 125, ila hela yetu haina jina la bomba.

Kwa hiyo sitaki pole, na yule atakayekuja kuniambia nihamie Goba nimeshamuona tangu mstari wa kwanza. Nataka mdau yeyote aliye ndani ya hizi ofisi, aje hata kwa ID mpya, anijibu moja tu: kwenye ile 11,400, shilingi ngapi inakwenda kwenye pampu na mtambo wa kusafishia, na shilingi ngapi inakwenda kwingine?

UPDATE saa 2 usiku: Mafundi wamerudi. Wameweka tairi bovu na tawi la mwarobaini juu ya chemba ili magari yasiingie. Wameondoka.