Nimesoma sheria Uholanzi muhula mzima, nimefaulu kozi zote, nimerudi chuoni naambiwa nimesoma nusu

Wakuu, uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa nimevurugwa. Anayetafuta picha za maua na vinu vya upepo apite tu.

Nasoma sheria, mwaka wa tatu, kwenye chuo ambacho sikitaji kwa sababu bado kimekalia matokeo yangu. Nilichaguliwa kwenye mpango wa kubadilishana wanafunzi, nikaenda chuo kimoja cha Uholanzi kuanzia Septemba hadi Januari. Mipango hii mnaijua: ada unalipa kwenu, kule hudaiwi. Wakubwa wa pande mbili walisaini makubaliano wakapiga picha wameshikana mikono, ikapandishwa kwenye tovuti. Mimi nikasaini mkataba wa masomo unaosema kozi hizi za kule zitahesabiwa badala ya kozi zile za hapa. Una sahihi tatu: yangu, ya chuo changu na ya chuo cha kule.

Nimerudi na karatasi ya matokeo. Naambiwa: "Umeleta krediti 30, muhula wetu ni krediti 60. Una upungufu, utafidia mwakani."

Hesabu yenyewe ni hii, na mtu wa darasa la saba anaiweza. Ulaya wanatumia krediti za ECTS. Mwaka mzima wa masomo ni ECTS 60, muhula ni 30. Uholanzi ECTS moja ni saa 28 za kazi ya mwanafunzi: mihadhara, semina, kusoma, kuandika, mtihani. Zidisha 30 kwa 28, ni saa 840. Kwetu, kwa mwongozo wa TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 na mwaka una krediti 120. Muhula basi ni krediti 60, yaani saa 600. Maana yake nimefanya kazi inayozidi muhula wa hapa. Wao wamechukua 30 ya kule wakaiandika 30 ya hapa, sawa na kumpelekea mtu wa duka la fedha euro 30 akakurudishia shilingi 30 na risiti juu.

Nilipeleka hesabu hiyo kwa maandishi, ukurasa mmoja, nimeambatanisha na mwongozo. Jibu lilikuja kwa mdomo, dirishani: "Kanuni zetu za mitihani hazina kifungu kinachozungumzia ECTS." Kama hazina kifungu, mlisaini nini na wale Wadachi? Na kwenye mkataba wangu wa masomo, ile safu iliyoandikwa ECTS mliyoisaini mlidhani ni nini, namba ya simu?

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana najua atatokea mtu kuniambia nishukuru nilipanda ndege.

Mwezi wa sita, visa ya MVV, ile ya kukaa muda mrefu, iko kwenye mchakato na tiketi inatafutwa, chuo cha kule kikatuandikia kwamba vyumba vya hosteli vimekwisha, kila mtu ajitafutie, na asiyepata chumba afikirie upya kama aje. Hiyo ndiyo barua ya kumkaribisha mgeni. Uhaba wa nyumba Uholanzi haukuanza mwaka huo, unajulikana nchi nzima. Kwa nini basi ualike watu kwa idadi ileile? Kwa sababu idadi ya wageni inapendeza kwenye vipeperushi, halafu pa kulala ni shida ya mgeni mwenyewe.

Ukiingia mtandaoni kutafuta chumba unakutana na matangazo yanayosema waziwazi wageni hawatakiwi, au wanaozungumza Kidachi tu. Nyumba nyingi za wanafunzi zina kitu wanakiita hospiteren: waombaji mnaitwa jioni moja, mnakaa sebuleni na wenye nyumba, mnapiga stori, mnacheka, kisha wenyewe wanachagua nani amewafurahisha. Usaili wa kazi una vigezo angalau. Huu unataka uwe mchangamfu, usiwe mchangamfu mno, na wewe uko Mabibo, Dar es Salaam, kwenye simu, bando linakata.

Nikaangukia kwa dalali. Ndiyo, kule nako kuna dalali, ana tai na tovuti. Alitaka malipo yake, yanayokaribia kodi ya mwezi, juu ya amana na kodi yenyewe. Nikalipa kwa hela ya ukoo. Baadaye ndiyo nikajua kwamba sheria yao inakataza dalali wa mwenye nyumba kumtoza mpangaji pia. Ipo kwenye Burgerlijk Wetboek, sheria yao kuu ya madai, Kitabu cha 7, kifungu cha 417 na cha 427, na Hoge Raad, mahakama yao ya juu, ililieleza bila kigugumizi tarehe 16 Oktoba 2015. Sikuambiwa hayo na chuo. Niliambiwa kwenye rechtswinkel, kituo ambacho wanafunzi wa sheria wanatoa ushauri bure kwa wananchi. Binti mmoja wa mwaka wa pili alikaa na mimi, tukaandika barua fupi yenye vifungu viwili na tarehe moja ya hukumu. Dalali akarudisha hela yote bila neno. Kwa hiyo alikuwa anajua siku zote.

Kuhusu kodi yenyewe, kuna chombo kinaitwa Huurcommissie. Unalipa euro 25, wanakuja kupima chumba na kukihesabia pointi za kupangia kodi yake, na mpangaji mpya ana miezi sita tangu mkataba uanze kuhoji kodi aliyopangiwa. Ni kitu kizuri kabisa. Ila mtu wa muhula mmoja anaondoka kabla shauri halijafika popote, na wenye nyumba wanalielewa hilo kuliko sisi.

Kisha kujiandikisha. Ukikaa zaidi ya miezi minne sheria inakutaka uende manispaa ndani ya siku tano uandikishe makazi yako. Hapo ndipo unapata BSN, namba ya utambulisho, na bila BSN benki inakuzungusha, na bila akaunti posho ya ufadhili inabaki ilipo. Mwenye nyumba wangu akasema chumba hiki hakiandikishwi. Yaani anataka kodi yangu lakini serikali isijue nipo. Nikawaandikia chuo cha kule, wakajibu kwa upole mwingi kwamba hilo ni suala baina yangu na mwenye nyumba. Wenye mkataba na chuo changu ni wao, walionialika ni wao, lakini likija suala la paa ni mimi na mzee mmoja asiyepokea simu. Mwisho nilikwenda manispaa na mkataba wangu wa pango mkononi, nikawaambia naishi hapa. Mhudumu hakuuliza mwenye nyumba anapenda au hapendi. Sheria inaangalia unapoishi kweli. Nikaandikishwa.

Mtasema ungefanya kibarua. Mwanafunzi asiye wa Umoja wa Ulaya anaruhusiwa saa 16 kwa wiki, au muda wote Juni hadi Agosti, miezi ambayo wa muhula wa Septemba hayupo. Na kibali anakiomba mwajiri. Mwenye mgahawa ana foleni ya wanafunzi wa Kidachi wasiohitaji kibali, aniombee mimi kwa mapenzi gani? Ukipata kazi, unalazimika pia kuingia kwenye bima yao ya afya. Nikaachana nayo.

Masomo yenyewe sina lawama nayo, na ndiyo yanayoniuma zaidi. Sisi tuliokulia kwenye kesi ya Donoghue v Stevenson, 1932, ya konokono ndani ya chupa ya kinywaji, tunadhani wajibu wa kumjali jirani ulizaliwa Uskoti kwenye chupa. Wao wana hadithi yao, ya mapema zaidi. Mji wa Zutphen, baridi kali ya 1909, bomba linapasuka kwenye ghala la ngozi. Koki kuu iko nyumba ya juu, anaishi mama mmoja. Anaombwa aifunge, anagoma. Mali inaharibika, kampuni ya bima inamshitaki. Mwaka 1910 Hoge Raad inasema mama hana kosa, kwa kuwa hakuna sheria inayomlazimisha kufunga koki. Nusu ya darasa iliguna. Halafu 31 Januari 1919 ikaja Lindenbaum dhidi ya Cohen, wachapaji wawili, mmoja akimhonga mfanyakazi wa mwenzake amletee siri za biashara. Mahakama ile ile ikageuza msimamo: kitendo kinaweza kuwa kosa hata kama hakikuvunja kifungu chochote, ikiwa kinakiuka uangalifu ambao watu wanadaiana katika jamii. Leo msimamo huo umo kwenye kifungu cha 162 cha Kitabu cha 6 cha ile ile Burgerlijk Wetboek, kilichoanza kutumika 1992.

Sasa mnaelewa kwa nini niliposikia "kanuni zetu hazina kifungu" pale dirishani, nilimwona yule mama wa Zutphen amekaa na koki yake. Chuo changu kinafundisha sheria kikiwa bado 1910.

Siku nyingine tulifika kwenye kifungu cha 120 cha Katiba yao: mahakama hazina ruhusa ya kupima kama sheria ya Bunge inakiuka Katiba. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikawasimulia kesi ya Mtikila, aliyedai haki ya mgombea binafsi, kuanzia Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani, mpaka hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha mwaka 2013. Mwalimu wa semina alikuwa hajawahi kuisikia. Wiki iliyofuata alikuja ameisoma yote, akaigeuza mada: kwao mlango uko kifungu cha 94, mahakama inaacha kutumia sheria inayogongana na mkataba wa kimataifa, hivyo wanaitumia Strasbourg, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kama sisi tulivyotaka kuitumia Arusha. Saa mbili nzima. Hakuna aliyeangalia simu. Hiyo semina kwenye faili langu hapa nyumbani inaonekana kama upungufu.

Turudi kwenye uchafu. Kozi nne zilizokuwa kwenye mkataba wangu, mbili zilikuwa hazifundishwi kwa Kiingereza muhula ule. Ipo fomu ya kubadilisha. Niliijaza, chuo cha kule kikasaini haraka, cha kwangu hakikujibu barua pepe hata moja. Niliwapigia, wakasema mhusika yuko safari. Baadaye yuko semina. Baadaye ofisi imehama. Nikasoma zile kozi mbadala kwa sababu sikwenda kule kukaa bure. Nimerudi, na ubavu wanao wa kuniambia: "Kozi mbili hazimo kwenye mkataba wa awali." Hazimo kwa sababu fomu iko kwenye barua pepe yako, bosi!

Na huko usidhani ukiteleza kuna sapu ya kukungoja. Mtihani lazima ujiandikishe peke yake, mbali na kujiandikisha kozi, na tarehe ya mwisho ikipita mlango umefungwa. Mwenzetu mmoja kutoka Indonesia alikosa hivyo, na marudio yalipangwa wakati viza yake imekwisha. Sisi tulionusurika tulinusurika kwa kuambizana kwenye grupu, ofisi ilikuwa imetuma tangazo kwa Kidachi.

Kinachofuata kwangu ni hiki. Sheria ya Ushahidi na Mwenendo wa Madai zilifundishwa hapa nikiwa kule. Nilijua, na mkataba ulisema nitazichukua muhula wa mwisho huku zile za kule zikijaza nafasi. Sasa wakiniongezea "upungufu wa krediti 30", muhula wa mwisho unapita kiwango cha juu cha kozi, nasukumwa mwaka mzima mbele. Wenzangu wanaanza Law School of Tanzania, mafunzo ya uwakili, mimi nakaa na watoto wa mwaka wa chini. Hosteli ya mwaka huo analipa nani? Boom, hela ya mkopo ya kujikimu, la mwaka usiokuwemo kwenye programu linatoka wapi? Mzee wangu ameshauza kilichouzwa.

Ndiyo, nilikaa kwenye jukwaa la wageni la ICC pale The Hague, nikapiga picha nje ya Jumba la Amani lililojengwa kwa hela ya Carnegie. Wapo ndugu wanaojua tu hizo picha. Lakini mwanafunzi kupewa fursa hakufuti wajibu wa waliosaini karatasi. Mpango ukifanikiwa, chuo kinaandika kwenye ripoti kwamba kimepeleka wanafunzi Ulaya. Ukikwama, ghafla ni mkataba wangu binafsi.

Kwa wanaoondoka Septemba: kabla hujapanda ndege dai barua ya kitivo, siyo ya ofisi ya uhusiano wa kimataifa, inayotaja kwa tarakimu ECTS 30 ni krediti ngapi za hapa. Wakikataa kuiandika, umeshapata jibu lako.

Kwangu nahitaji msaada mmoja. Aliyewahi kukata rufaa Seneti ya chuo kuhusu krediti za nje, aweke hapa alianzia ofisi gani, alipeleka nyaraka zipi na ilichukua muda gani. Na kama humu yupo mhadhiri anayekaa kwenye hizi kamati, aje atetee hiyo 30 kwa hoja. Atumie jina lake la bandia, sitamtafuta.