Ukoo wa Makunduchi: gumzo la Januari 14

Haji: Shkamoo bibi, shkamooni wakubwa wote. Leo msinipigie, sisikii kitu. Niko juu ya paa 📷

Mama: Juu ya paa unatafuta nini? Ahmedabad tumekupeleka kusoma.

Haji: Chuo kimefungwa mama. Leo Uttarayan, sikukuu ya huku India. Mji mzima uko juu ya mapaa, wazee kwa watoto, wanarusha tiara.

Salma: Tiara hizi za fito na gazeti? 😂

Haji: Fito za mianzi na karatasi laini. Ila huku ni vita. Uzi unapakwa gundi iliyochanganywa na unga wa vioo, wanauita manja. Tiara zikipambana, uzi unakata uzi. Ukimkata mwenzio paa zima linapiga kelele "kai po che!", nimekata. Mimi tangu asubuhi nimekatwa sita, sijakata hata moja. Plasta nne vidoleni.

Mama: Na hayo si mambo ya dini yao?

Haji: Ibada yao waliimaliza alfajiri, kulisalimia jua na kutoa sadaka. Mie nimeingia kwenye tiara tu. Tena nimezinunua Jamalpur, mafundi wengi kule Waislamu wenzetu.

Salma: Bibi yuko hapa na mimi, anauliza, ndiyo ile ya taa?

Haji: Hapana bibi, ile Diwali. Diwali inafuata mwezi, kila mwaka inahama. Hii ya jua. Siku jua linapoingia Makara, basi ni tarehe 14, mara nyingine 15. India nzima wanaisherehekea, majina tofauti tu.

Salma: Bibi anasema "kumbe kama Mwaka Kogwa wetu, nao hauangalii mwezi kuandama".

Ami Khamis: Makara ndiyo buruji ya Jadi. Lakini Haji, ukisema Uttarayan ni safari ya jua kurudi kaskazini, jua linageuka Desemba 21 au 22. Hawa wamechelewa wiki tatu.

Haji: Hilo nilimuuliza baba mwenye nyumba, mwalimu mstaafu. Zamani sana siku hizo mbili zilikuwa pamoja. Ila dunia inayumba polepole kama pia inayokaribia kulala, na wao wanahesabu kwa nyota. Kila miaka 72 hivi wanaachana na jua siku moja.

Ami Khamis: Hapo sawa. Mwalimu kweli.

Mama: Umekula?

Haji: Nimekula mpaka basi. Undhiyu: bilinganya, viazi vitamu, ndizi, maharage mabichi, na vidonge vya majani ya uwatu. Jina lenyewe linatokana na kupinduliwa, maana kwa asili chungu kinafukiwa ardhini kichwa chini, moto unawashwa juu yake. Halafu jalebi. Na kashata za ufuta na sukari guru, kila nyumba wanakujazia mkononi. Ufuta na miwa ndiyo mavuno ya majira haya, na baridi hii ufuta unatia joto.

Haji: Mwenzangu wa chumbani ni Mtamil, kwao inaitwa Pongal, siku nne. Wanapika mchele mpya kwa maziwa na sukari guru, wanauacha makusudi mpaka ufurike, wote wanashangilia "Pongalo Pongal!" Siku ya tatu ya ng'ombe, wanaogeshwa na kupakwa rangi pembe.

Shangazi Mwanaidi: Mimi maziwa yakifurika nasemwa wiki nzima.

Haji: 😂 Na kesho tunaendelea. Inaitwa Vasi Uttarayan. Vasi ni kiporo.

Salma: Sikukuu ya kiporo!! Hiyo ndiyo yangu.

Mama: Huo uzi wa vioo, ndege je?

Haji: Hapo ndipo pabaya mama. Mchana njiwa kaanguka uani, bawa limechanwa mpaka mfupa unaonekana. Wakaja vijana wa kuokoa ndege wakamchukua kwenye boksi. Uzi wa nailoni ulipigwa marufuku nchi nzima 2017, na bado unauona. Wenye pikipiki leo wamejifunga skafu shingoni.

Mama: Usipande pikipiki leo. Wala kesho. Umenisikia?

Haji: Nimesikia mama. Jua linazama sasa, wanaanza kufunga taa kwenye nyuzi. Nimekatwa wa saba.

Salma: Bibi anasema mwambieni asivute. Akiguswa tu aachie uzi ukimbie, usikaze.

Shangazi Mwanaidi: Mama, wewe tiara umeijulia wapi?

Salma: Anasema "waulizeni kaka zangu". Sasa anataka picha ya hizo taa, na kashata usizimalize.