Jirani katishia kumkata mama mkono, mwenyekiti anasema hakuna kesi

Kijana wa Hombolo:
Wakuu, naomba msaada. Mama yangu ni mjane, ana shamba la zabibu Hombolo. Jirani kang'oa minyaa ya mpakani akaingia kwetu. Jumamosi mama alipomuuliza, akainua panga mbele ya vibarua wawili: "Ukikanyaga hapa tena nakukata mkono." Usiku akamtumia sauti WhatsApp, maneno yaleyale. Mwenyekiti wa kitongoji anasema hajamgusa, tusubiri kikao cha mpaka. Zabibu zimeiva, ndege wanazimaliza, mama anaogopa kutoka. Kweli mpaka aumizwe?

Mzee wa Chamwino:
Si kweli, mwanangu. Soma Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 89(2)(a): anayetishia kumjeruhi, kumpiga au kumuua mtu, au kuharibu mali, kwa nia ya kumtisha au kumuudhi, ametenda kosa, na kifungo kipo. Damu haihitajiki.

Nimekaa mzee wa baraza Mahakama ya Mwanzo, kesi hizi nimezisikiliza. Nyingi zilianguka kwa sababu mlalamikaji alisema "alinitishia" akaishia hapo. Alisema nini? Alishika nini? Nani alisikia? Hao vibarua ndio kesi yenyewe. Nendeni nao polisi leo, maneno yaandikwe kama yalivyotoka kinywani mwake, panga litajwe, mpewe RB, yaani namba ya taarifa yenu kituoni.

Mama Zuhura:
Hiyo sauti msiifute, na simu ya mama msiibadilishe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa namna hiyo. Mama naye asimjibu kwa matusi, kifungu hichohicho cha 89 kinamgusa pia mtukanaji.

Mkulima Bahi:
Mimi ningeanza na wazee. Ni jirani, mtazikana.

Mzee wa Chamwino:
Mpaka uzungumzwe na wazee, sikatai, na ukishindikana kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Panga ni la polisi. Mkiyachanganya, mwanamke huyu atasubiri kikao huku mtu anamnolea panga. Hilo linaniuma sana.

Kijana wa Hombolo:
Shikamoo mzee. RB tumepata. Kibarua mmoja kaandikisha maelezo, mwingine anakataa, analima pia kwa huyo jirani.

Mzee wa Chamwino:
Marahaba. Msimlazimishe wala msimpe hela. Mtajieni mpelelezi jina lake, mahakama itamwita kwa samansi. Na mama asiende shambani peke yake.