Israel in Egypt ya Handel: tuigize au tuimbe tu?

Alto wa Uyole
Bwana Yesu asifiwe. Kwaya yetu hapa Uyole, Mbeya, tumekubaliana kufanya tamasha la Israel in Egypt, utungo mrefu wa kwaya wa mtunzi Handel, ule wa mapigo ya Misri. Wengi wetu tunachojua cha Handel ni Haleluya tu. Ubishi uliopo: baadhi ya wazee wa kanisa wanataka tuigize, Farao avae joho, Musa ashike fimbo, maana watu hawatakaa saa nzima na zaidi kutazama kwaya iliyosimama. Mimi naona maigizo yataiharibu. Halafu kuna sehemu zenye sauti nane, na sisi tumezoea nne. Walimu mnasemaje?

Besi Tukuyu
Amina. Mimi ningeigiza. Watoto hawatulii bila kuona kitu.

Mwalimu wa kwaya, Iringa
Dada, usiyumbe. Humo ndani Farao haimbi hata mstari mmoja, wala Musa. Hakuna wahusika, maneno yote ni Maandiko, hasa Kutoka na Zaburi, na anayesimulia ni kwaya. Huyo mwenye joho atasimama afanye nini?

Maigizo yamo kwenye muziki wenyewe. Pigo la vyura anaimba alto peke yake (jiandae!), na fidla zinarukaruka chini yake mpaka anafika kwenye tauni ya mifugo na majipu. Wakija inzi, fidla zinakwenda mbio hasa, mpiga kinanda wenu aanze mazoezi leo. Mvua ya mawe inaanza tone moja moja, kisha kwaya mbili zinaipokea kwa kishindo. Sisi wa nyanda za juu tunajua bati linavyolia mawe yakianza. Giza ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kwaya inaimba chini, polepole, ufunguo wa muziki hautulii, mwishoni sauti zinaachana, kila moja inaingia peke yake. Hapo ukimleta mtu na shuka jeusi umeua kila kitu.

Hofu ya wazee wenu ni ya zamani. London, Aprili 1739, ilipoimbwa mara ya kwanza, wasikilizaji walizoea nyimbo za mwimbaji mmoja mmoja, wakapewa kwaya juu ya kwaya, hawakuifurahia. Onyesho la pili Handel aliifupisha, akachomeka nyimbo za mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo nanyi fupisheni bila woga: mapigo, halafu wimbo wa Kutoka 15. Ile sehemu ya kwanza ya maombolezo aliitoa kwenye muziki wa mazishi ya Malkia Caroline, na wengi hawaiimbi. Kabla ya kila pigo msomaji asome mistari yake kwa Kiswahili, watoto watafuata.

Sauti nane ni kwaya mbili za sauti nne zinazojibizana. Alikeni kwaya ya usharika jirani, msimame pande mbili. Na si kila kipande ni cha nane. Ule wa maji kuwa damu ni wa nne tu.

Alto wa Uyole
Shikamoo mwalimu, asante sana. Na ule wimbo wa Miriamu wa mwishoni?

Mwalimu wa kwaya, Iringa
Marahaba. Soprano aanze bila kinanda, kwaya zote mbili zimwitikie: farasi na mpandaji wake amewatupa baharini. Kuitikia mnakujua tangu utoto. Mchagueni mwenye sauti iliyonyooka, si mwenye madoido.

Besi Tukuyu
Kuhusu watoto bado sijashawishika, ila hiyo kwaya ya pili tuko tayari. Besi tunao wa kutosha, sauti ya tatu (tena) ndiyo tunapungukiwa. Mazoezi ni lini?