Ziara ya studio Dar: wanafunzi wangu 19 wa Dodoma wamelipishwa kutazama ukumbi uliozimwa taa

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, wengine salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma mjini na ndiye mlezi wa klabu ya filamu ya shule. Nina hasira na sitaificha. Nilijizuia siku tatu nisiandike, lakini leo asubuhi mzazi amenifuata mpaka ofisini akaniuliza, "Mwalimu, mwanangu ameona nini huko?" Nikakosa jibu.

Jumamosi iliyopita niliwapeleka wanafunzi 19 Dar es Salaam kwa kile tulichouziwa kama "ziara kamili ya studio ya filamu na televisheni". Kampuni iliyotuuzia siitaji, na studio yenyewe siitaji, kwa sababu shauri nalipeleka kunakohusika. Ila yaliyotokea nayasema yote.

Tangazo lilinifikia kwenye kundi la WhatsApp la walimu. Mtaingia chumba cha kuongozea matangazo, mtaona tamthilia ikirekodiwa, mtakaa kwenye meza ya habari, mtazungumza na waongozaji na waigizaji. Kila kichwa 40,000, mwalimu na mwanafunzi bei moja. Nilipiga simu mara tatu, na mara zote tatu niliuliza: hiyo Jumamosi kuna kazi inafanyika? Nikajibiwa, "Madam, studio hailali, wewe lete watoto." Nikaeleza pia kwamba nina binti mmoja anayetembea kwa magongo. Nikaambiwa hakuna shida. Nikaandika na ujumbe kabisa ili ushahidi ubaki, na ujumbe ninao.

Sasa pigeni hesabu. Treni ya SGR daraja la kawaida kutoka Dodoma ni 31,000 kwenda na 31,000 kurudi. Ongeza 40,000 ya ziara, ongeza chakula na usafiri wa pale mjini, mzazi mmoja ametoa 120,000. Wazazi wangu si wabunge. Ni watu wa Nkuhungu na Chang'ombe, mama lishe, bodaboda, mafundi cherehani. Mama wa huyo binti wa magongo ana kipande cha shamba la zabibu upande wa Mpunguzi, na hela ya safari aliipata kwa kukaa barabarani na ndoo zake kuuzia wasafiri wa mabasi ya Iringa. Noti alizoniletea zilikuwa za elfu mojamoja na za elfu mbilimbili. Nilizihesabu mbele yake.

Miadi ilikuwa saa sita mchana. Tulifika getini saa tano na nusu, tukaingizwa saa nane na dakika kumi. Mlinzi hakuwa na jina la shule kwenye daftari lake, na kijana wa kampuni hakupokea simu. Alipopokea akasema, "Dada, vumilieni kidogo, nipo kwenye foleni." Watoto wamesimama juani kwenye joto la Dar, wamevaa masweta waliyotoka nayo Dodoma alfajiri.

Ndani tukapokelewa na dada wa idara ya masoko. Simlaumu yeye, maana ilionekana wazi kwamba hakuna aliyemwandaa. Akatupitisha kwenye korido yenye mabango ya vipindi, akatufungulia ukumbi mkubwa: giza. Kamera zimefunikwa maturubai. Seti ya tamthilia tuliyoahidiwa ilibomolewa wiki mbili kabla. Wiki mbili! Maana yake wakati napiga simu ile ya tatu seti ilikuwa haipo, na mtu akanijibu kuwa studio hailali. Chumba cha kuongozea tulichungulia kupitia kioo, hamna hata fundi mitambo mmoja ndani. Mwongozaji hatukumwona, mwigizaji hatukumwona. Meza ya habari ilikuwepo, kweli, ila kukaa pale na kupigwa picha ni 5,000 kwa mtoto, na simu zetu tulishaziacha mapokezi kwa amri yao.

Dakika 35. Nilitazama saa yangu.

Kuna kijana wangu wa kidato cha tatu aliyejitengenezea teleprompta kwa boksi la viatu, kipande cha kioo cha dirisha na simu. Kwa asiyejua, hicho ni kile kifaa kinachomwezesha mtangazaji kusoma habari huku anakutazama wewe machoni: kioo kinalazwa nyuzi 45 mbele ya lenzi, maneno yanatokea chini na kuakisiwa kwa msomaji, kamera inapiga picha kutokea nyuma ya kioo. Maneno lazima yageuzwe kwenye simu ili kwenye kioo yasomeke sawasawa. Yote hayo aliyang'amua mwenyewe. Kilichomshinda ni kwamba kioo chake kinatoa maneno mawilimawili, moja limemkalia mwenzake kama kivuli. Alikwenda Dar na swali hilo limeandikwa kwenye daftari. Akaliuliza kwa adabu. Akajibiwa, "Hizi zinatoka nje zimeshatengenezwa," na safari ikaendelea. Fundi yeyote wa studio angemwambia kwa nusu dakika kwamba kioo cha dirisha huakisi kwa nyuso zake zote mbili, ya mbele na ya nyuma, na kwamba kioo cha kazi ile hupakwa utando maalumu upande mmoja. Nimemweleza mimi, jana, baada ya kusoma usiku. Lakini sikumlipia 40,000 ili aje ajibiwe na mimi darasani.

Na yule binti? Ngazi. Ukumbi na chumba cha kuongozea vyote viko juu, lifti hakuna. Nikasema tutambeba, wanafunzi wenzake walikuwa tayari. Nikakatazwa, eti utaratibu wa usalama. Nikamwambia mwalimu mwenzangu apande na wengine, nikabaki naye chini kwenye viti vya plastiki karibu na mlinzi, tukitazama televisheni ya mapokezi. Nilipanda kwa dakika chache tu kuona wengine wanaonyeshwa nini, nikashuka. Kwenye treni ya kurudi akawauliza wenzake walichokiona. Wakamwambia hukukosa kitu. Walimwambia kweli tupu, na nililia pale pale kwenye behewa.

Kuna watakaosema nilitegemea makubwa. Hapana. Kabla ya safari tulisoma na wanafunzi jinsi wenzetu wanavyofanya. Studio ya filamu ya Universal kule California walianza kuingiza wageni mwaka 1915, senti 25 pamoja na kifurushi cha chakula, watu wakakaa kwenye mabenchi wakatazama filamu za bubu zikipigwa. Sauti ilipoingia kwenye filamu, kelele za wageni zikawa zinaharibu kazi, wakawafungia mlango. Waliporudisha ziara mwaka 1964 waliwapakia kwenye magari maalumu. Kule Leavesden karibu na London, wamefungua tangu 2012 mahali zilipopigwa filamu za Harry Potter, na hawakuahidi utaona mtu anarekodi. Wanakuonyesha seti zenyewe, mavazi na vifaa, vimehifadhiwa vimesimama. Mgeni anajua analipia nini. Studio inayofanya kazi inakuuzia kazi, na iliyohifadhiwa inakuuzia vitu. Sisi tuliuziwa kazi ambayo haikuwepo, na vitu vilishabomolewa.

Kwa hiyo mwalimu au mzazi mwenye mpango kama wangu, usilipe mpaka upate kwa maandishi ni kipindi gani kinarekodiwa siku hiyo na saa ngapi. Taka kujua nani atawatembeza: fundi, mhariri au mtu wa masoko. Uliza ngazi. Uliza kama picha inalipiwa. Na usipitie kwa mtu wa kati kama unaweza kuipigia studio moja kwa moja, kwa sababu nilipoongea na mlinzi pale getini niligundua studio haikujua kabisa ahadi tulizopewa. Ile orodha ya kwenye tangazo aliitunga wakala.

Tangu Jumapili nadai turudishiwe 840,000, yaani watoto 19 na walimu wawili. Jibu nililopata ni kwamba "ziara ilifanyika", na tunaweza kupewa punguzo la asilimia kumi tukirudi. Tukirudi! Nimetoa nakala za karatasi za tangazo lao, jumbe zote na risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kwa matangazo, na Tume ya Ushindani ipo. Wiki hii napeleka barua. Mwenye uzoefu wa kufuatilia malalamiko pale Tume naomba aniambie huchukua muda gani na niambatanishe nini zaidi.

Jambo la mwisho, na hili naomba kwa unyenyekevu. Kama wewe ni fundi mitambo, mpiga picha au mhariri wa kituo chochote hapa hapa Dodoma, naomba saa moja tu ya muda wako. Hatutaki meza ya habari wala waigizaji. Tunataka kukaa nyuma ya chumba kimya, tuone taarifa moja ya habari ikienda hewani, na yule kijana aione teleprompta iliyowashwa. Chumba kiwe cha chini, au pawe na mtu wa kuturuhusu kumbeba binti yetu. Niandikie ujumbe wa ndani. Jumamosi au Jumapili yoyote tunaweza, isipokuwa wiki ya mitihani.